Kaa Hana Kichwa

"Na mlinzi, atakula nini?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, mbele ya mkutano mzima, na hakuna aliyelijibu. Mmoja alipiga miayo. Mmoja alijikuna. Mmoja aliinua macho juu kama mtu aliyeitwa. Lishikeni swali hilo. Tutarudi kulichukua.

Sasa, Paukwa!

Pakawa!

Watoto nimewasikia. Wakubwa je? Nyie wenye nyavu mapajani, mnaozishona mkidhani siwaoni? Nawaita tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ile ambayo ukitia mguu mtoni samaki wanakusukuma, palikuwa na mto uitwao Lumeso. Chini yake kulikuwa na bwawa. Juu yake kulikuwa na matete. Katikati, mto ulibanwa na miamba miwili, ukapita kwa shida, shaaa, shaaa. Hapo katikati wanyama walipaita Mlangoni. Nalo jina hilo likumbukeni, maana lilikuja kuleta balaa.

Katika Lumeso waliishi ningu. Ningu ni samaki wa heshima. Kiangazi chote anakaa bwawani. Mvua ya kwanza ikipiga, anapanda. Anapanda na mayai tumboni, anapita Mlangoni, anakwenda kutaga kwenye matete, maji yanapokuwa ya uvuguvugu. Kila mwaka hivyo. Mvua, kupanda, kutaga.

Na kila mwaka, mvua ya kwanza ikipiga, nani mwingine alikuwa anakwenda Mlangoni?

Wote! Furukombe na makucha yake. Mwari na mfuko wake chini ya mdomo. Kenge na mkia wake. Fisimaji naye, sitamficha, alikuwapo. Walijipanga kwenye miamba kama watu wa harusini wanaosubiri sinia. Ningu anapanda, pwaa! Ameliwa. Mwingine anapanda, pwaa! Ameliwa, na mayai yake, na wajukuu wake. Walikula mpaka wakalala palepale walipokaa.

Mwaka wa kwanza samaki walipungua. Wakasema, ni jua. Mwaka wa pili wakapungua. Wakasema, ni upepo. Mwaka wa tatu Furukombe alipiga mbizi toka juu angani, akatoka na jani. Hapo ndipo mkutano ukaitwa.

Mwenye mkutano alikuwa Kiboko. Kiboko mnamjua. Anaishi mtoni lakini anakula majani. Samaki hali, hajala, wala hajui ladha yake. Akapanda ukingoni, maji yakimchuruzika, akasema:

"Jamani, mto ufungwe."

"Ufungwe!" wakaitika.

"Tangu mvua ya kwanza mpaka maji yashuke. Miezi miwili. Asivue mtu."

"Asivue!"

"Atakayekamatwa afukuzwe mtoni, yeye na wanawe."

"Afukuzwe!"

Mnaona walivyoitika vizuri? Hakuna kitu chepesi kama kuitika.

"Na mlinzi wa kukaa Mlangoni," akasema Kiboko, "awe Kenge. Ana mkia wa kuchapa, ana ngozi ya kuvumilia jua. Kenge, kaa pale jiweni. Usiondoke. Asipite mtu."

Kenge akavimba shingo kwa fahari. Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma, kwenye matope. Ilikuwa ya Fisimaji, mama wa watoto wawili, Chubwi na Tutu, wangali wadogo, hata kuogelea hawajajua.

"Samahani, Mzee. Nakubali mto ufungwe. Lakini Kenge ameambiwa asiondoke jiweni. Na mlinzi, atakula nini?"

Kiboko akapiga miayo. Mwari akajikuna. Furukombe akaangalia juu.

"Mama Chubwi," akasema Kiboko, "wewe nawe kwa maswali! Mkutano umekwisha." Akaingia majini, vuuu. Kwa nini angejibu? Chakula chake kilikuwa kinaota ukingoni, na hakuna aliyekifunga.

Mvua ya kwanza ikapiga. Kenge akakaa jiweni. Na wimbo wake ulikuwa huu, uimbeni nami:

*Mto umefungwa, rudi ulikotoka!*
*Mto umefungwa, rudi ulikotoka!*

Siku ya kwanza akaja Mwari. Kenge akamchapa mkia, chwaa! "Rudi ulikotoka!" Mwari akarudi. Siku ya pili akaja Furukombe. Chwaa! Akarudi, manyoya mawili yakabaki jiweni. Siku ya tatu wakaja wote wawili. Chwaa, chwaa! Wakarudi wote wawili.

Na ningu wakapanda. Kule juu kwenye matete Fisimaji alikuwa amekaa na wanawe, akawaona wakifika, migongo inang'aa, matumbo yamejaa. Watoto mate yakawatoka.

"Mama, yule!"

"Namwona."

"Mkamate!"

"Tumefunga."

"Tumefunga nini, mama?"

"Midomo," akasema Fisimaji. Akaenda kuchimba matopeni, akawatolea kaa. Asubuhi kaa, jioni kaa. Watoto wakala kaa mpaka wakaanza kutembea upande.

Mnacheka. Kenge hakucheka. Siku ya tatu hiyo Kenge alikuwa hajala kitu. Jiweni hakuna mayai, hakuna panya, hakuna hata mende. Ameambiwa asiondoke, hakuondoka. Jua likampiga, mvua ikampiga. Kiboko alipopita, Kenge akamwita.

"Mzee, nina njaa."

"Pole sana," akasema Kiboko. "Mbona majani ni mengi?" Akapita.

Siku ya nne Furukombe akarudi. Safari hii hakuja kwa ubavu. Alikuja na sauti ya asali.

"Afande! Habari za kazi?"

"Rudi ulikotoka," akasema Kenge, ila mkia haukunyanyuka. Ulikuwa mzito.

"Narudi, afande, narudi. Nimepita tu kukupa pole. Yaani wewe peke yako ndiye unayeteseka mto mzima, na hakuna hata mmoja wa kukuuliza umekula. Mimi inaniuma." Kisha akasema taratibu, "Ningemkamata mmoja, kichwa ningekuachia wewe. Kichwa ndicho kitamu. Lakini basi, sheria ni sheria."

Kenge akameza mate. Akatazama huku, akatazama huku. Akafikiri, hapa panaitwaje? Mlangoni. Mlango ukifungwa una bawabu. Na bawabu kazi yake si kufunga tu, ni kufungua pia.

Nimewaambia jina lile lilikuwa na balaa.

Pwaa! Puu! Kichwa cha ningu kikaanguka jiweni. Kenge akala. Akalia machozi huku anakula, na akala.

Kesho yake akaja Mwari. Pwaa! Puu! Kichwa. "Afande, mimi nilifunga kweli," akasema Mwari, mfuko umejaa, unachezacheza, "lakini ninaumwa tumbo, na mgonjwa hafungi." Furukombe alipoulizwa na ndege wenzake akasema, "Umefungwa mto. Mimi ninakula angani." Na Kenge jiweni wimbo akaubadilisha, uimbeni:

*Mto umefungwa, acha kichwa upite!*
*Mto umefungwa, acha kichwa upite!*

Mmeuonaje? Maneno ya mbele ni yaleyale. Ukiwa mbali unasikia mto umefungwa, unalala usingizi wako. Ndivyo Kiboko alivyosikia.

Kule juu kwenye matete Fisimaji akangoja ningu wengine. Hawakuja. Siku ya tano, hola. Siku ya kumi, hola. Akawaza, labda wamekwisha. Watoto wakakonda, na yeye akakonda zaidi yao, na kaa wa karibu wakaisha. Ikambidi ashuke kutafuta kaa chini, karibu na Mlangoni. Akachimba, akachimba, akapata mmoja, jike kubwa la magando mekundu. Akaliweka kinywani, akageuka kurudi kwa wanawe.

Chwaa!

"Simama! Umebeba nini?"

Fisimaji akamtema kaa, akamkanyaga ili asikimbie. "Kaa, ndugu yangu. Si samaki. Kaa hakufungiwa."

"Kimetoka mtoni?"

"Kimetoka matopeni."

"Matope ya nani? Ya mto." Kenge akasogea. Kisha akashusha sauti, kwa upole kabisa, kama anayemsaidia mgeni: "Mama Chubwi, usihangaike. Acha kichwa upite."

Fisimaji akamtazama Kenge. Akamtazama kaa. Akamgeuza huku, akamgeuza huku.

"Kaa hana kichwa," akasema.

Na kweli. Kaa ana macho, ana magando, ana miguu ya kutosha, ila kichwa hana. Kenge akamzunguka yule kaa mara mbili, anatafuta. Hakukiona.

"Basi umevunja sheria," akasema, na akampeleka kwa Kiboko.

Fikirini, jamani. Mto mzima unakula. Anakamatwa nani? Yule aliyefunga.

Mkutano ukaitwa. Chubwi na Tutu wakaletwa wasimame karibu na mama yao, maana wakifukuzwa wafukuzwe pamoja. Na ng'ambo ya mto, mbali na maji, ni mchanga mtupu hadi macho yanapokomea. Mtoto wa fisimaji asiyejua kuogelea atafanya nini kule? Atakufa, ndicho atakachofanya. Kila mmoja alijua.

Kiboko akapanda ukingoni. "Kenge, umemkamata na nini?"

"Kaa, Mzee."

"Nimekaa."

"Hapana, Mzee. Kaa."

"Nimekwisha kaa! Unataka nilale?"

"Kaa wa kuchimba, Mzee! Huyu hapa!"

"Aaa," akasema Kiboko. Watu wakacheka. Fisimaji hakucheka. Mkono mmoja alikuwa amemshika Tutu, na mwingine amemshika Chubwi.

Furukombe akapata nafasi. Akatua mbele, akakunjua mbawa, akaanza. "Mzee, mimi nasema huyu mama aachiwe. Namwonea huruma. Lakini na mto nao ufunguliwe. Tumefunga siku arobaini, tumepata nini? Nimepita juu leo, samaki hakuna. Kufunga hakuna faida. Na hata kungekuwa na faida, nani ataweza kuulinda mto? Mto si chungu ukaufunika."

"Kweli," akasema Mwari. Mfuko wake ukatikisika.

"Kweli," wakasema wengine.

Kiboko akapiga miayo. Miayo yake ilikuwa ishara kwamba hukumu inakuja.

"Mama Chubwi, una neno?"

Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kwa njaa, na amechoka kwa kuwa aliuliza mapema na hakujibiwa. Akasema:

"Sina neno, nina matembezi. Twende tufuate nzi."

"Nzi gani?"

"Hawa." Na kweli nzi walikuwa wengi, nzii, nzii, wanakwenda wote upande mmoja. Wakawafuata. Nzi wakapita mwamba wa kwanza, wakapita mwamba wa pili, wakaingia nyuma ya jiwe la Kenge. Na pale nyuma ya jiwe kulikuwa na mabaki ya vichwa. Vichwa juu ya vichwa, macho meupe, midomo wazi. Chungu ile ilimfika Kiboko begani. Harufu ikawapiga, wakafunika pua.

Fisimaji akawageukia.

"Furukombe anasema tumefunga siku arobaini tukapata hasara," akasema Fisimaji. "Hatujafunga, jamani. Tumesema tu."

Wote wakamgeukia Kenge. "Mwizi! Afukuzwe!"

Walioongoza kwa kelele mnawajua. Wenye kuacha vichwa.

Kenge hakukimbia. Shingo ilikuwa haijavimba tena. "Mimi nilikaa," akasema. "Mliniambia kaa, nikakaa. Siku tatu nilikaa sikula kitu, na hakupita mtu. Siku tatu! Mzee alipita, akaniambia majani. Mama Chubwi aliuliza mbele yenu mlinzi atakula nini. Mlimjibu?"

Lile swali lilikuwa limerudi, limekaa katikati yao, na safari hii hapakuwa na mahali pa kuangalia.

"Bado matembezi," akasema Fisimaji. "Twende juu."

Wakapanda mpaka kwenye matete. Fisimaji akayapenua kwa mkono. "Tazameni majini."

Mwanzoni hawakuona kitu. Kisha maji yakasogea. Yalikuwa yamejaa viluwiluwi vya samaki, vidogo kama punje za mchele, vinachemka, vinageuka pamoja upande huu, vinageuka pamoja upande ule. Kila tete, vimo. Kila kivuli, vimo.

"Wametoka wapi hawa?" akauliza Mwari, na kwa kusahau akafungua mdomo, na ningu wawili wakadondoka, chubwi, chubwi. Hakuna hata aliyemkemea. Walikuwa wanatazama.

"Ni wa siku tatu," akasema Fisimaji. "Ningu walipanda siku tatu tu, zile siku ambazo Kenge alishinda njaa na hakumpitisha mtu. Siku ya nne hawakuja tena. Hawa ni watoto wa siku tatu. Mnaniuliza kama kufunga kuna faida? Hesabuni wenyewe kama mnaweza. Mnaniuliza kama mto unalindika? Ulilindwa. Ulilindwa siku tatu, na mwenye tumbo tupu, peke yake. Mngempa chakula, angeulinda miezi miwili."

Kenge akasogea, akainamia maji. Akaviona vinavyochemka.

"Hawa ni wangu?" akauliza.

"Ni wako," akasema Fisimaji.

Kiboko akakohoa. Tukifukuza kila aliyekula, akawaza, nitabaki mtoni mimi na nzi. Akasema, "Basi hafukuzwi mtu. Kenge arudi jiweni. Ila," na hapo sauti ikapungua, "nani atamlisha?"

Mnadhani walijibu? Mwari akajikuna. Furukombe akaangalia juu.

Fisimaji akamchukua yule kaa, yule jike la magando mekundu, yule wa kesi. Watoto wake wakamtazama. Tutu akasema, "Mama, huyo ni wetu." Akasema, "Najua." Akamweka mbele ya Kenge.

"Kula."

Kenge akala. Krrk, krrk, krrk. Sauti hiyo ilisikika ukingo mzima, na kila mmoja ikamwingia mahali pake.

Kesho yake Mwari akaja Mlangoni, mfuko umejaa. Kenge akainua mkia. Mwari akafungua mdomo, na humo hamkuwa na samaki. Mlikuwa na kumbikumbi, wameota mbawa, wametoka na mvua. Kesho kutwa Furukombe akaleta panya, akamtupa kwa hasira kama anayedaiwa, lakini akamleta. Na adhuhuri, Kenge alipotaka kulala, Kiboko alijilaza juu ya mwamba, akawazibia wala samaki njia kwa tumbo lake. Ilikuwa mara ya kwanza sheria yake kumgharimu kitu.

Na Kenge akapata wimbo wa tatu:

*Mto hauna komeo, tumefunga sisi!*
*Mto hauna komeo, tumefunga sisi!*

Hakuna aliyemwomba Fisimaji radhi. Nalisema hilo kwa sababu wasimuliaji wengi huliruka.

Mwaka uliofuata ningu walipanda. Si wengi, na wala si wakubwa. Lakini walipanda, na Chubwi na Tutu walijifunza kuogelea katikati yao. Siku moja tu mwenye zamu alisahau kupeleka chakula jiweni. Siku moja. Kesho yake, nyuma ya jiwe, kilikutwa kichwa kimoja.

Basi funzo lake ni hili, nalisema waziwazi ili asitoke mtu hapa akisema hakulielewa. Kufunga mto kuna faida, siku tatu zimetosha kuonyesha. Na mto unalindika, ila haulindwi kwa kuitika mkutanoni. Ukimweka mtu akae kwa ajili yenu wote, halafu ukamwacha na njaa, wewe ndiwe uliyemfungulia mlango mvunja sheria.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami sina pa kuivusha.

Nina ombi moja tu. Mvua za kwanza zimekwisha kupiga, na pale mtoni kwetu tumemweka mlinzi. Kesho ukipita, tafadhali, muulize kama amekula.